Shamba Nililolifagia

Kache wangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya unayemwandikia. Hali yako naijua. Tangu asubuhi unaimba, umefua nguo ambazo zilikuwa safi, na sasa umekwenda kumuaga shangazi yako Umazi. Kwa jinsi ninavyomjua yule wifi yangu, hatakuachilia mpaka umalize sahani ya pili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimekaa kwenye mkeka, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa jikoni, na kuku wako wananizunguka kana kwamba wanajua kuanzia kesho mlishaji wao ni mimi.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo umeshaambiwa na kila mwenye mdomo hapa Marafa, na jana baba yako alipiga simu kutoka kazini kwake Muyeye kuyarudia yote, kama vile sisi wengine hatukuyasema. Tena Kilifi si mwezini. Ni mwaka mmoja wa mafunzo, kisha utatoka na fomu zako na kalamu yako, mkaguzi wa mashamba wa serikali. Binti yangu mimi, niliyeishia darasa la saba! Niache nijigambe kidogo, hanisikii mtu ila hawa kuku.

Ninalotaka kukuandikia ni lile jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulizungumza tukiwa wawili. Mbele ya watu nililisema, na wewe ulikuwepo ukanisikia. Lakini kusema mbele ya watu ni rahisi kuliko kumtazama mtoto wako usoni, jikoni, mkiwa mnamenya mihogo. Mara ngapi nimefungua mdomo nikaishia kukuuliza chumvi iko wapi.

Wacha nianze pale mpango ulipoingia. Ulikuwa kidato cha kwanza, na wewe ndiwe uliyetusomea zile karatasi, sote kumi wa kikundi tumekaa uwanjani kwa Umazi. Serikali itawalipa wakulima wanaolima bila sumu. Wasichome mashamba. Waache mabua na majani yafunike udongo. Wachimbe mashimo ya kushika maji, watie samadi, wapande miti penye mteremko. Mwisho wa msimu mkaguzi atakuja, na shamba moja likishindwa, kikundi kizima hakipati kitu msimu huo. Ulisoma kwa sauti ya mwalimu, ukarudia. Shangazi yako, mwenyekiti wetu, akakukatiza.

"Hebu nifahamu vizuri, mwanangu. Nisichome, nisipulizie dawa, nisifagie shamba, halafu nilipwe? Ela hiyo si kazi, hiyo ni kuolewa upya!"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini tulitia sahihi, wenye kalamu kwa kalamu na wenye dole gumba kwa dole gumba, kwa sababu sote tulikuwa tunaona ardhi inavyokwenda. Huku kwetu mtu hahitaji kuelezwa. Wageni wanatoka Ulaya wanalipa kiingilio kuiona Nyari, ardhi iliyobomoka mpaka ikawa korongo, wanapiga picha wanafurahi. Sisi tulikuwa tunabomokewa bure. Ule mfereji wa mvua nyuma ya mikorosho, nilipoolewa nilikuwa nauruka nikiwa na mtungi kichwani. Ulipoanza shule ya msingi, mbuzi alitumbukia humo tukamtoa kwa kamba.

Sasa nikueleze kuhusu kufagia. Hawe yako, mama wa baba yako, Mungu amlaze pema, alinipokea hapa na ufagio. Sisemi mchezo. Siku ya tatu ya ndoa yangu alinitia ufagio mkononi akanionyesha uwanja, na mvua zilipokaribia akanipeleka shambani akanionyesha huko nako. Kwake shamba lenye mabua yaliyolala ovyo lilikuwa sawa na mwanamke aliyetoka nje hajanawa uso. Alinifundisha kuyakusanya mabua, kuyarundika mafungu sawasawa kwa safu, hatua sita kati ya fungu na fungu, na kuyatia moto jioni upepo ukitulia. Kila mwaka moshi wa kwanza hapa ulikuwa wa shamba langu. Watu walipita njiani wakasema, "Hapa pana mwanamke." Nilikuwa nawasikia, Kache. Nilikuwa nainama kama nisiyesikia, na moyo wangu umejaa.

Basi ile siku, mkaguzi akiwa amebakiza siku mbili kuja, wewe ulikwenda shule na mimi nikatoka kuliangalia shamba. Mabua yamelala huku na huku. Majani yameoza. Mchwa wamejenga juu ya mabua vijumba vyao vya udongo. Nikaona haya peke yangu, nimesimama pale hakuna hata mtu. Mgeni wa serikali atoke mjini mpaka huku, aje akute shamba kama kichwa cha mtu aliyetoka kuamka?

Usidhani nilisahau. Ulikuwa umenisomea mara tatu. Nilijua, lakini nilijiambia yale yameandikwa kwa ajili ya wavivu, ili wasione aibu. Mkaguzi akiona shamba safi atafurahi, huenda akaniongezea. Nikachukua reki. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimemaliza, na mpaka unarudi kutoka shule yalikuwa yamebaki majivu, safu kwa safu, na fungu moja la mwisho bado linafuka.

Ulisimama na begi lako mgongoni. Ukasema, "Mama, umefanya nini?"

Nikakujibu, "Nimefagia. Mgeni anakuja."

Uliweka begi chini, ukachukua ndoo, ukaenda kulimwagia maji lile fungu la mwisho. Kwamba ulikuwa unaokoa angalau upana wa mkeka, hilo nimelielewa baadaye. Siku ile nilikuona mtoto mjuaji tu.

Bi Zuhura, mkaguzi, alikuja. Yule mama wa Malindi mjini, kwa mara ya kwanza tunamwona, buibui amelikunja mpaka kiunoni na chini amevaa viatu vya mpira vya mvua. Kikundi kizima kilimfuata shamba kwa shamba, na langu lilikuwa la mwisho kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka liwe la mwisho, nifunge kazi kwa fahari. Alipofika ukingoni alisimama kama aliyegonga ukuta. Akachutama, akashika udongo, ukapita vidoleni mwake kama unga mkavu.

"Lahaula," alisema taratibu. "Mama, huku nani katia moto?"

Nikawaona wenzangu wanavyonitazama. Nikamwona Umazi, aliyekuwa ameshawaambia watoto wake kwamba msimu huu nyumba itapata mabati. Na ulimi wangu, mwanangu, ulikwenda wenyewe.

"Ni huyu mtoto," nilisema. "Alikuwa anachezea kiberiti. Watoto wa siku hizi, Bi, hawasikii."

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Watu wote walikugeukia. Wewe ulinitazama mimi, bila hasira, ukingoja tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikageuza uso. Ndipo ulipoinamisha kichwa ukasema, "Ni kweli. Nisameheni."

Bi Zuhura aliyatazama yale majivu kwa muda mrefu, akaandika, akafunga kitabu chake, akaenda zake. Msimu ule kikundi hakikupata kitu. Na wewe ukapata jina jipya.

Kiberiti. Wewe unalijua kuliko mimi. Ukienda kuchota maji, "Kiberiti, usisimame karibu na makuti!" Ukipita na kuni, "Haya, leo tunalala wapi?" Miaka miwili. Kwa kuwa hayakuwa matusi, ulikuwa ni utani wa watu wanaokupenda, hukuwa na pa kushtaki. Na mimi, Kache, mimi nilicheka pamoja nao. Hilo linaniuma kuliko ule uongo wenyewe. Uongo ulinitoka kwa hofu, mara moja. Kile kicheko nilikirudia nikiwa na akili zangu timamu, kila siku ya Mungu.

Hukunirushia neno hilo hata siku moja, hata tulipogombana kwa mambo mengine na ungeweza. Ulifanya nini? Ulichukua jembe. Kila ukitoka shule unachimba mashimo, unabeba samadi ya mbuzi wa jirani kwa ndoo, unapanda mikunde kwenye ukingo wa ule mfereji. Msimu wa kwanza mikono iliniwasha. Nilikuwa nikiona bua limelala nataka kuliinua, natoka asubuhi naangalia ile taka yote nasema mama mkwe angekuwa hai angenirudisha kwetu. Wapita njia walinyamaza. Hakuna tena aliyesema hapa pana mwanamke.

Halafu ikaja ile mvua. Ilinyesha siku nne, na asubuhi ya tano watu walitoka wakakuta mbegu zao zimehamia barabarani. Wa kikundi chetu walikuwa na mahindi yamesimama. Sisi tulikwenda shambani mimi na wewe, tukateremka mpaka mikorosho, na ule mfereji, nakumbuka, ulikuwa umekauka. Maji hayakufika huko. Yameingia ardhini hukohuko juu, chini ya ile taka yangu ya aibu. Ulipiga kelele kama uliyefunga bao! Ulinishika mikono tukazunguka kwenye matope, mimi na umri wangu huu, kanga imenivuka, na sikujali nani anapita njiani.

Bi Zuhura aliporudi kukagua alikuja na ule msumari wake wa chuma wa kupimia udongo. Mwaka wa majivu aliuchomeka kwangu ukagoma baada ya kidole kimoja. Safari hii aliusukuma kwa mkono mmoja ukazama mpaka mpini. Akafukua kidogo, nyungunyungu wakatoka wanajipinda. Akacheka peke yake. "Mashaallah," alisema, "huu mchanga unapumua." Mashamba kumi, yote kumi yakapita. Siku malipo yalipoingia kwenye simu zetu, hapa vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Umazi alipata mabati yake. Sanduku utakalolibeba kesho limetoka kwenye udongo ule ule.

Ilikuwa siku hiyo hiyo ya furaha, tumekusanyika kwake tunakula pilau, Bi Zuhura akatuambia kaunti inataka vijana wa kusomeshwa ukaguzi. Kila kikundi kitoe jina moja. Mtu akasema, "Kache." Na wifi yangu, mdomo umejaa, akasema, "Kiberiti awe mkaguzi? Si tutampa fisi bucha!"

Walicheka. Wewe ulikuwa umebeba sinia ya chapati unawagawia. Uliendelea kugawa. Nilikuona ukimwekea shangazi yako chapati, taratibu, ukimchagulia ile iliyoiva vizuri.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nilijua ninachokipoteza. Miaka ishirini ya heshima hapa, kikundi chenyewe, pengine hata wifi. Lakini nilijua pia kwamba jina lako lisipoandikwa siku ile halitaandikwa tena, na utabaki hapa unachota maji unaitwa kiberiti mpaka uzeeke, kwa sababu ya reki yangu.

"Kache hakuchoma," nilisema. "Nililifagia mimi, nikachoma mimi, na uongo nikausema mimi."

Umazi aliweka sahani chini.

"Wifi," alisema, "msimu mzima? Msimu mzima tumetoa jasho bure, na mtoto wa kaka yangu nimemwita majina, na wewe uko hapo unacheka nasi?"

"Niko hapo nacheka nanyi."

Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, akakutazama wewe, macho yakamjaa maji, akakuvuta na sinia yako ukamwangukia kifuani, chapati zikamwagika. Kisha, huyo ndiye Umazi, huku analia akatoa hukumu. Nisilipe kuku wala mbuzi. Nikusanye mabua na majani makavu, nikafunike mashamba ya wenzangu wote tisa, kwa kichwa changu na miguu yangu, na langu liwe la mwisho. "Ulitufagilia riziki," alisema, "sasa uturudishie taka zetu."

Na Bi Zuhura, amejikunja kwenye kigoda na kikombe chake cha kahawa, akatuacha sote hoi. "Mimi nalijua tangu siku ile. Majivu yalikuwa safu kwa safu, yamepimwa. Mtoto achezeaye moto hapangi majivu."

Nikamuuliza, mbona hukusema?

"Niliandika shamba limechomwa, na ndivyo lilivyokuwa. La nani kachoma halikuwa langu, mama. Lilikuwa lako." Akatoa kalamu. "Haya, huyu binti anaandikwa jina gani kamili?"

Vigelegele vya malipo havikufika nusu ya vile.

Ulikuja siku ya pili yake kunisaidia kubeba, nikakukatalia. Ulinuna. Nilitaka uzito ule uwe wangu. Ilinichukua wiki tatu, shingo iliniuma mpaka nikawa nageuka mwili mzima nikiitwa, na kila shamba nililolifunika, mwenye shamba alitoka na maji ya kunywa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile nikiwa na maumivu ya namna ile.

Sasa wewe ndiye utakayekuwa unaingia kwenye mashamba ya watu. Nakuambia kitu ambacho katika darasa lao huenda wasikuambie, kwa sababu anakijua aliyekosa. Ukifika pahali ukakuta pamefagiliwa kupita kiasi, usidhani moja kwa moja kwamba mwenye shamba ni mjanja. Huenda ni mtu aliyekuwa anakuheshimu. Andika unachokiona, usipunguze hata bua moja, lakini usimuulize mama wa watu mbele ya majirani zake nani kafanya. Aulizwe peke yake, mwenzako apate njia ya kusema kweli. Mimi sikuiona njia ile, ingawa sisemi kosa lilikuwa la aliyeniuliza.

Na siku ukifika hapa kukagua shamba la mama yako, nisalimie, unywe chai, kisha uandike ulichokiona. Ukinikuta nimechoma, andika nimechoma. Usinibebee uongo tena, Kache. Usimbebee mtu yeyote, hata umpende vipi. Ulikuwa mtoto na ulibeba kitu kilichonishinda mimi mtu mzima, na hukukitua mpaka nilipokuja kukichukua mwenyewe.

Basi nimelifikia. Nilikusingizia. Nilikuona unaumia nikacheka. Nisamehe, mwanangu. Hili silisemi kwa kikundi wala kwa Bi Zuhura, nakuambia wewe. Na kama jibu lako bado halijaiva, nenda nalo, litaivia huko.

Nasikia sauti yako barabarani, na ya Umazi, amekusindikiza na bila shaka amekubebesha kitu cha kula. Nimalize haraka.

Hawe yako alikuwa na mwiko mmoja ambao sikuwahi kuushika. Alisema msafiri akitoka, uwanja usifagiwe siku hiyo, utazifuta nyayo zake asijue njia ya kurudia. Mimi nilimdharau kimoyomoyo. Baba yako akienda Muyeye kila Jumapili jioni, kabla hajafika barabarani mimi tayari nimeinama na ufagio, watu wasikute uwanja mchafu. Miaka ishirini na zaidi.

Kesho ukishatoka nitauning'iniza ufagio ukutani. Nyayo zako zitakaa pale uwanjani na majani ya mkorosho yaziangukie. Watu wapite njiani waseme mke wa Karisa siku hizi amekuwa mvivu. Nitakuwa nimekaa hapa hapa nawasikia.

Mama yako.